Habari za Daudi Susi, Aliyemrudisha Mfu Kwao

Sisi tukaao Rungwe Mpya na vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo twaijua njia ishukayo kutoka milima ya Buha mpaka Ujiji, penye ziwa. Huko Ujiji, karibu na miembe, limejengwa jiwe la ukumbusho wa kukutana kwa Wazungu wawili mwaka wa 1871, yaani David Livingstone na Henry Morton Stanley. Watoto wetu hufundishwa majina hayo shuleni. Lakini siku ile alikuwako mtu wa tatu, Mwafrika, aliyetoka mbio kumlaki mgeni kabla ya wote, naye miaka miwili baadaye alifanya kazi iliyo ngumu kuliko ile ya kukutana. Jina lake ni Susi. Twataka kuwaeleza habari za maisha yake.

Twazieleza kwa sababu moja. Watu wengi wa Buha walikwenda zamani kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, na wengine wao hawakurudi. Tena katika siku zetu tumeona wakimbizi wa Burundi na Kongo wakiwazika wafu wao Nyarugusu, mbali na makaburi ya baba zao. Basi swali la mtu afaye ugenini ni swali la nyumba zetu. Susi alilijibu kwa mabega yake. Na katika miaka ile ile watu wa Marekani nao walikuwa wakiulizana swali hilo kwa machozi mengi, kama tutakavyoona.

Susi alikuwa mtu wa Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji. Jina lake lote lilikuwa Abdulla Susi. Mwaka wa 1862, mwezi wa Aprili, mke wa Livingstone, jina lake Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Mwaka uliofuata Susi aliajiriwa pale pale, akawa miongoni mwa watu waliofanya kazi katika merikebu ndogo ya moshi ya Livingstone. Kwa hiyo Susi alitoka mahali ambapo bwana wake mpya alikuwa ameacha kaburi. Mwenzake aliyekuwa naye karibu siku zote aliitwa Chuma, kijana Myao, ambaye mwaka wa 1861 alitolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa.

Mwaka wa 1864 Livingstone aliivusha merikebu ile bahari ya Hindi mpaka Bombay, naye Susi na Chuma walikuwamo. Livingstone akaenda zake Uingereza. Susi akabaki Bombay akifanya kazi bandarini, na Chuma akatiwa shuleni.

Mwaka huo huo msiba mwingine uliipata nyumba ya Livingstone, nao ulitokea Marekani. Nchi ile ilikuwa imegawanyika tangu mwaka wa 1861, watu wa Kaskazini wakipigana na watu wa Kusini, na shina la vita lilikuwa utumwa. Robert, mwana wa kwanza wa Livingstone, alikuwa amefika Natal mwaka wa 1863 akimtafuta baba yake, asimpate. Akapanda merikebu, akafika Marekani, akaingia katika jeshi la Kaskazini. Hakujiandikisha kwa jina lake, bali alijiita Rupert Vincent, asije akaliaibisha jina la baba yake. Akatekwa katika mapigano ya Virginia, na mwezi wa Desemba 1864 akafa katika kambi ya wafungwa huko Salisbury, North Carolina. Wafu wa kambi ile walizikwa wengi pamoja katika mashimo marefu, bila jiwe wala jina. Baba, aliyetumia maisha yake kupinga biashara ya watumwa, alipoteza mwana katika vita ya kuuondoa utumwa, asipate hata kuliona kaburi.

Mwaka wa 1866 Livingstone alirudi Afrika pamoja na Susi na Chuma na watu wengine, wakashuka Mikindani, wakaingia bara. Muda si mrefu watu wa Nzwani waliokuwa katika safari ile walimkimbia, wakafika Unguja mwezi wa Desemba, wakatoa habari kwamba Livingstone ameuawa. Habari hiyo ilikuwa ya uongo, lakini ilisadikiwa na wengi, na watu wa Ulaya wakamlilia mtu aliye hai. Ikabidi safari nyingine itumwe mwaka wa 1867 kuelekea ziwa la Nyasa ili kuhakikisha kwamba hakufa. Neno hili tulikumbuke, maana litatusaidia kufahamu jambo alilolifanya Susi baadaye.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa, maradhi na kukimbiwa na watu. Mwaka wa 1870, katika nchi ya Manyema, walibaki watu watatu tu waliokubali kuendelea naye: Susi, Chuma, na mmoja aitwaye Gardner. Hatusemi kwamba Susi alikuwa mtu asiye na kosa; Livingstone mwenyewe mara nyingine aliandika malalamiko juu yake. Lakini hatimaye alibaki.

Mwezi wa Oktoba 1871 walirudi Ujiji hali hawana kitu, kwa kuwa mali waliyowekewa huko ilikuwa imeuzwa yote. Wakati huo huo Stanley alikuwa njiani, ametumwa na gazeti la New York Herald la Marekani kumtafuta Livingstone. Alipita Buha ya kusini, na wakuu wa nchi wakamtoza hongo moja baada ya nyingine, hata mitumba yake ya nguo ikapungua sana. Mwisho akapita msituni usiku wa manane na watu wake, kimya, ili asitozwe tena. Alipokaribia Ujiji, mtu wa kwanza kumwamkia kwa Kiingereza alikuwa Susi, ambaye alirudi mbio kumwambia bwana wake.

Huyo Stanley naye alikuwa ameyaona mauti ya Marekani kwa macho yake. Alizaliwa Wales kwa jina la John Rowlands, akaenda Marekani akiwa kijana, akachukua jina la mfanya biashara mmoja wa New Orleans. Mwezi wa Aprili 1862 alipigana upande wa Kusini katika vita ya Shiloh, ambapo kwa siku 2 watu zaidi ya 20,000 waliuawa, au kujeruhiwa, au kupotea. Basi katika baraza ile ya Ujiji waliketi baba wa askari aliyefia upande wa Kaskazini na mtu aliyekuwa askari wa Kusini, na Susi akiwahudumia wote wawili.

Stanley na Livingstone walikwenda pamoja mpaka Unyanyembe, karibu na Tabora, wakaagana mwezi wa Machi 1872. Stanley alipofika pwani akampelekea watu wa kumsaidia, na kati yao alikuwamo Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani akasoma Nasik katika Bara Hindi. Mwezi wa Agosti safari ya mwisho ikaanza.

Walikwenda kusini kulizunguka ziwa la Bangweulu, katika mvua na matope. Livingstone alikuwa akitokwa na damu tumboni, akadhoofika hata asiweze kupanda punda. Susi na wenzake wakamfanyia machela, wakamchukua. Mwisho wa mwezi wa Aprili 1873 wakafika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, wakamjengea kibanda. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei, kabla ya mapambazuko, mtoto Majwara aliyelala mlangoni alikwenda kumwamsha Susi kwa hofu. Wakaingia, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso umelala juu ya mto. Wakamgusa shavu, likawa baridi.

Sasa fikirini hali yao. Walikuwa watu kama 60 katika nchi ya wageni, mbali na pwani zaidi ya maili 1,000. Katika nchi nyingi walizokuwa wamepita, maiti ya mgeni ni jambo la kuogofya, na mwenye kuwa nayo aweza kutozwa faini au kupigwa vita. Mwenye safari amekufa. Hapakuwa na mtu wa kuwaamuru wala wa kuwaadhibu. Kama wangalimzika pale na kwenda zao, nani angaliwalaumu? Lakini walikusanyika, wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi wao, wakakata shauri kwamba mwili urudi kwao.

Kwanza waliificha habari kwa kumwogopa Chitambo. Yeye alipoisikia hakukasirika, bali aliwafariji, akawashauri wamzike palepale, maana njia ni ndefu mno. Walipokataa hakuwashurutisha, akaja na watu wake wakaomboleza kwa ngoma kama ilivyo desturi ya nchi. Kisha wakajenga ua usio na paa, wakaupasua mwili, wakautoa moyo na matumbo, wakavitia katika sanduku la bati na kuvizika chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko, akachonga jina na tarehe katika shina la mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14. Halafu wakauvika nguo, wakautia ndani ya gome la mti lililoviringika, wakalishonea turubai, wakalipaka lami, wakalifunga katika mti ili lichukuliwe na watu wawili.

Hapa tusimame kidogo tuitazame Marekani. Kabla ya vita yao, watu wa nchi ile waliona kuwa kufa kwema ni kufa nyumbani, kitandani, jamaa wamezunguka wakisikia maneno ya mwisho. Vita iliivunja desturi hiyo. Watu zaidi ya 600,000 walikufa, wengi wao mbali na kwao. Ndipo wauguzi na askari walipowaandikia wazazi barua za kueleza jinsi mwana wao alivyokufa, ili barua ishike mahali pa kitanda. Walt Whitman, mtunga mashairi, alikaa kando ya vitanda vya majeruhi huko Washington, akaandika barua nyingi za namna hiyo. Waliokuwa na mali walilipa ili maiti zitiwe dawa zisioze, zikarudishwa kwa reli. Waliokuwa hawana, watoto wao walibaki shimoni, kama Robert Livingstone.

Mwezi wa Novemba 1863 rais wao, Abraham Lincoln, alisimama katika makaburi mapya ya Gettysburg, akasema kwa dakika chache tu. Shauri la maneno yake lilikuwa hili: waliokufa wamekwisha kutenda sehemu yao, na kazi iliyobaki ni juu ya walio hai. Naye mwenyewe akapigwa risasi siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, akafa kesho yake asubuhi. Mwili wake ulitiwa dawa, ukasafirishwa kwa gari la moshi kutoka Washington mpaka Springfield, mji wa kwao, tangu tarehe 21 Aprili mpaka tarehe 3 Mei. Katika gari lile waliweka pia jeneza la mtoto wake Willie, aliyekufa mwaka wa 1862, ili baba na mwana walale mahali pamoja. Maelfu ya watu walisimama kando ya reli, na Whitman akatunga shairi refu la maombolezo. Katika miaka hiyo hiyo Emily Dickinson, mwanamke aliyekaa kwa upweke huko Amherst, alikuwa akiandika mashairi mengi juu ya mauti na kuyaweka katika sanduku. Watu waliyajua baada ya kufa kwake mwaka wa 1886.

Basi Wamarekani walikuwa na dawa, na reli, na washairi. Susi alikuwa na chumvi, na jua, na mabega ya wenzake. Lakini kazi ilikuwa ile ile, yaani kukataa mtu apotee kama kwamba hakuwako. Tena Susi alijua kuwa habari za kufa kwa Livingstone ziliwahi kuletwa pwani na watu waliokimbia, zikawa uongo. Bila mwili, nani angaliwasadiki? Wangaliitwa wakimbizi, labda hata wauaji. Kwa hiyo waliuchukua mwili pamoja na vitabu vya bwana wao na vyombo vyake vya kupimia, kila kitu kikiwa kimeandikwa.

Njia ilikuwa kali. Mwanzoni ugonjwa uliwashika hata wakakaa karibu mwezi mzima bila kwenda, na wenzao wengine wakafa. Katika mji mmoja ilitokea vita. Mwezi wa Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone. Yeye aliwashauri wamzike hapo. Wakakataa tena. Lilikuwa shauri la afisa, nao walikuwa watumishi tu, walakini hawakugeuka.

Daktari Dillon, mmoja wa Wazungu waliofuatana nao kutoka hapo, alikuwa mgonjwa sana kwa homa, akajiua njiani kwa bunduki, akazikwa karibu na Kasekera. Baada ya hayo watu wa nchi wakataa kabisa maiti isipite kwao. Ndipo Susi na Chuma walipofanya hila. Wakafunga mzigo wa vijiti, wakauvika nguo kama sanda, wakawapa watu waurudishe Unyanyembe mchana kweupe, kana kwamba wamekubali kwenda kuzika huko. Wachukuzi walipofika msituni wakavitupa vijiti kimoja kimoja, wakarudi usiku. Mwili wenyewe wakaufunga upya, ukawa na sura ya mtumba wa nguo. Katika njia ile mitumba ya nguo, hasa ile iitwayo merikani, iliyoletwa Unguja na merikebu za Marekani, ilikuwa ndiyo fedha ya safari, wala hakuna aliyestaajabu kuiona. Hivyo Livingstone alipita kama bidhaa.

Katika njia hiyo hiyo msichana mdogo wa msafara, jina lake Losi, aliyekuwa akichukua maji, aliumwa na nyoka, akafa upesi. Walimzika kando ya njia, wakaendelea. Hatuna budi kulitaja jambo hili. Watu wale wale waliomrudisha mmoja mpaka kwao walimwacha mwingine njiani, maana nguvu zao ziliwatosha kuchukua mmoja tu. Hakuna jiwe la Losi. Hata hivyo jina lake halikupotea, kwa sababu Susi na Chuma walilikumbuka na kulitaja walipoulizwa habari za safari, likaandikwa kitabuni.

Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika kanisa la mapadre wa Kifaransa. Kisha manowari ya Kiingereza ikauchukua mpaka Unguja. Wachukuzi walilipwa mshahara wao, wakaambiwa waende zao. Susi na Chuma hawakupewa nafasi ya kufuatana na mwili. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyekwenda, kwa msaada wa chama cha misheni. Huko Uingereza mganga aliutambua mwili kwa mfupa wa mkono, uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika kanisa la Westminster, na kati ya walioshika jeneza walikuwa Stanley na Jacob. Kaburi likafukiwa bila Susi kuliona.

Baadaye rafiki mmoja wa Livingstone, jina lake James Young, aliwalipia Susi na Chuma nauli, wakafika Uingereza. Walikaa na kasisi Horace Waller, wakamsaidia kutengeneza kitabu cha habari za mwisho za Livingstone, kilichotoka mwaka huo wa 1874. Yote tuliyowasimulia juu ya usiku wa Chitambo na safari ya kurudi yametoka katika vinywa vyao wawili. Wao waliuleta mwili, na tena wao waliileta habari.

Kisha Susi akarudi kwenye kazi za safari. Tangu mwaka wa 1879 alikuwa msimamizi wa watu wa Stanley katika mto wa Kongo, halafu akaongoza misafara ya misheni ya Kianglikana ya Unguja. Chuma alikufa Unguja mwaka wa 1882. Mwaka wa 1886, mwezi wa Agosti, Susi alibatizwa huko Unguja, akachukua jina la David, ndilo Daudi, jina la yule aliyemchukua mabegani. Alikufa Unguja mwezi wa Mei 1891.

Wasomaji wapenzi, Robert alikufa kwa jina lisilo lake na hakuna aliyemrudisha. Baba yake alirudishwa na kuzikwa kwa jina lake mwenyewe. Tofauti yao haikutokana na wema wa mmoja kuliko mwingine, bali ilitokana na wale waliokuwako walipokufa. Mfu hawezi kulinda jina lake. Hilo huachwa mikononi mwa walio hai, nao huweza kulifanya au kuliacha.

Na ninyi mnaoitwa msibani katika vijiji vyetu, mkiambiwa kwamba fulani alikufa zamani mashambani kwa mkonge, au njiani, au kambini, na kaburi halijulikani, msiseme kwamba shauri hilo limekwisha. Pengine mwili hauwezi kurudi. Lakini yuko mzee ajuaye jina lake, jina la baba yake, na mwaka aliotoka nyumbani. Mwulizeni angali hai, mkaandike katika daftari la usharika. Susi alichukua mwili miezi tisa. Sisi twaombwa kuchukua jina tu.